Programu Inapogusa Faili za Watu: Mtazamo kutoka Malindi na Kilifi

Kompyuta ya mbele katika saiba ya mtaani, iwe Malindi, Mtwapa au Kilifi mjini, ndiyo kabati la karatasi la watu wengi wasio na kompyuta yao wenyewe. Mtu huja kujaza fomu za KRA, kuomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, kutuma maombi ya mkopo wa HELB au kuchapisha barua ya chifu. Kitambulisho chake huskaniwa, cheti cha kuzaliwa huskaniwa, na mwenyewe akishaondoka faili hubaki mle mle. Ukitazama kioo cha mashine hiyo jioni utakuta KITAMBULISHO KARISA.jpg, CV MPYA.docx, CV MPYA 2.docx, CV MPYA YA MWISHO.docx, scan0007.pdf, scan0007 (1).pdf, na nyinginezo mpaka zimeifunika picha ya ukutani.

Mwenye saiba akichoka na msongamano huo humwendea kijana anayejua kuandika programu. Ombi lake ni dogo: programu ipite kila jioni, ichukue faili za siku hiyo, izipange kwenye folda, na za zamani izifute. Lugha yaweza kuwa Python, C# au hata Visual Basic ya tangu mwaka 1998 ambayo bado inaendesha maduka na zahanati nyingi. Amri zinazohitajika hazifiki kumi: kuorodhesha, kuunda folda, kunakili, kuhamisha, kubadilisha jina, kufuta. Mwanafunzi mwepesi huzimaliza alasiri moja, na ndiyo maana vitabu vingi vya programu huzipa kurasa chache kisha vikaendelea na mambo yanayoonekana makubwa zaidi.

Naamini vitabu hivyo vinakosea. Ugumu wa kazi hii hauko kwenye amri. Uko kwenye mambo ambayo mwandishi wa programu ameyachukulia kuwa kweli bila kuyapima: kwamba jina moja ni mtu mmoja, kwamba stima haitakatika kazi ikiwa katikati, kwamba saa ya mashine inasema kweli, kwamba faili zitakuja kwa mfuatano, na kwamba nakala nyingine ipo mahali fulani. Panapokuwa na mashine mpya na umeme wa uhakika, dhana hizo huweza kudumu miaka bila kuumbuka. Huku kwetu pwani huvunjika mapema, na anayeumia ni mtu ambaye ile skani ya saiba ndiyo nakala pekee aliyonayo.

Tuanze na jina, maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Wagiriama, kama Wamijikenda wenzao, humpa mtoto jina la babu au la bibi, na jina hilo hurudi tena vizazi vikipishana. Karisa humzaa Charo, Charo humzaa Karisa. Ndani ya ukoo mmoja si ajabu kuwakuta akina Karisa Charo wawili walio hai, na ukichukua Ganze nzima au Magarini nzima hutamaliza kuwahesabu. Ndivyo ilivyo kwa Kazungu, Katana, Kahindi, Safari na Baya, na kwa upande wa wanawake Kadzo, Sidi, Kache na Dama. Ni majina yenye heshima na kumbukumbu ndefu, lakini hayatoshi kumtofautisha kila mwenye nalo. Programu iliyoambiwa iunde jina la faili kutokana na jina la mteja itaunda KARISA CHARO.pdf leo, na kesho kutwa itaunda KARISA CHARO.pdf ya mtu mwingine kabisa.

Kitakachofuata kinategemea lugha ya programu, na hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi wasome maelezo ya kila amri hadi mstari wa mwisho. Katika C#, amri ya File.Copy ikikuta faili yenye jina hilo tayari ipo, hukataa na kutoa kosa, isipokuwa umeiruhusu waziwazi ifunike. Katika Python, shutil.copy haiulizi: hufunika iliyokuwapo na kuendelea. Amri ya os.rename ya Python hiyo hiyo hukataa ikiwa kwenye Windows, lakini kwenye Linux hufunika kimya kimya. Kijana aliyeijaribu programu yake kwenye Windows akaona inajilinda, kisha akaipeleka kwenye mashine ya Linux, ameondoa kinga bila kugusa hata herufi moja ya msimbo wake. Cheti cha Karisa Charo wa Vitengeni kimetoweka na mahali pake pamekaa cha Karisa Charo wa Mambrui. Hakuna kengele iliyolia, na hakuna atakayejua mpaka mwenyewe arudi miezi mingi baadaye akiwa na haraka ya kazi au ya shule.

Kilifi yenyewe ina mfano mkubwa wa namna ya kulitatua jambo hili. Programu ya utafiti ya KEMRI-Wellcome Trust, iliyoanza Kilifi mwaka 1989, ilianzisha mwaka 2000 daftari la wakazi wanaoizunguka hospitali ya Kilifi. Wahojaji huzuru kila boma, kwa kadiri ya mara moja kila miezi minne, wakiandika waliozaliwa, wenye mimba, waliofariki, waliohamia na waliohama. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2012 yanataja eneo la kilomita za mraba 891 na wakazi wapatao 260,000. Mgonjwa akilazwa, kompyuta humtafuta papo hapo kwenye daftari hilo ili maradhi yake yaunganishwe na boma anakotoka. Kazi ya namna hiyo, katika nchi ya akina Karisa Charo, haiwezekani kwa majina matupu. Jina hutumika kumtafuta mtu, pamoja na boma na jamaa zake. Kinachomtambulisha kwenye kumbukumbu ni namba yake peke yake.

Saiba haina haja ya mtambo wa ukubwa huo. Namba ya huduma inayopanda kila mteja anapohudumiwa, ikitanguliwa na tarehe, inatosha: 2024-03-12_0041_kitambulisho.jpg. Jina la mteja likae kwenye orodha pembeni, mahali ambapo akina Karisa Charo kumi wanaweza kukaa pamoja bila kugongana. Mwaka umetangulia hapo kwa sababu mbili. Kwanza, faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku. Pili, tarehe tunavyoiandika kwa mkono, 12/03/2024, haiwezi kuingia kwenye jina la faili, kwa kuwa ule mshazari ndio unaotenganisha folda na folda. Programu isiyolijua hilo itaitafuta folda iitwayo 12, ndani yake folda iitwayo 03, na isipozikuta itasimama.

Kisha kuna ritifaa. Gavana wa Kaunti ya Kilifi tangu mwaka 2022 ni Gideon Mung'aro, na jina lake la ukoo lina alama ambayo Kiswahili hakiwezi kuiacha. Windows na Linux zote zinaikubali alama hiyo kwenye jina la faili. Tatizo ni kwamba zipo mbili. Ukiliandika jina hilo kwenye Word, programu huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Ukiliandika kwenye kisanduku cha kubadilisha jina la faili, hubaki imenyooka. Kwa macho ya mtu ni jina moja, kwa mashine ni majina mawili tofauti, na anayelitafuta moja hatalipata lingine. Isitoshe, ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofunga maneno katika amri za hifadhidata na za Linux, kwa hiyo msimbo unaounganisha jina la mtu na amri bila uangalifu hukatika pale pale penye ng'. Kila mwandishi wa programu wa Afrika Mashariki angepaswa kuwa na jina lenye ng' katika majaribio yake ya kwanza kabisa.

Herufi kubwa na ndogo nazo zina mtego wake. Kwenye Windows, malindi.pdf na MALINDI.pdf huhesabiwa faili moja. Kwenye Linux ni mbili. Ukizihamisha hizo mbili kutoka Linux kwenda kwenye flashi ya mteja, moja itaimeza nyingine. Na wenye kamera wana shida iliyo ndugu ya hiyo: kamera nyingi hutaja picha kwa herufi nne na tarakimu nne, zikifika 9999 zikarudi mwanzo. Watu wawili wanaopiga picha za kasa ufukweni Watamu, kila mmoja na kamera yake, watarudi wote na IMG_0412. Programu inayozimimina kadi mbili kwenye folda moja itaibakisha picha moja, na sura ya kasa aliyeonekana mara moja tu katika mwaka itakuwa imepotea.

Sasa tuje kwenye kuhamisha, neno lililoficha kazi mbili tofauti. Faili ikihamishwa kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ile ile, yaliyomo hayasogei kabisa. Kinachobadilika ni orodha inayosema faili iko wapi, na jambo hilo huisha kufumba na kufumbua. Ikihamishwa kutoka diski ya mashine kwenda kwenye flashi, lazima inakiliwe baiti kwa baiti kisha ile ya kwanza ifutwe. Amri ya shutil.move hufanya lolote kati ya hayo mawili bila kukuambia imefanya lipi. Mwandishi wa programu aliyeijaribu ndani ya diski moja ameona kazi inayoisha papo hapo. Mtumiaji anayehamisha video kwenda kwenye flashi yuko katika kazi ya dakika kadhaa ambayo inaweza kukatizwa.

Na inakatizwa. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kukatika kwa muda mfupi mtaani ni jambo la kawaida kiasi kwamba halifiki magazetini. Mashine ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika hapo hapo. Swali la kumuuliza mwandishi wa programu ni hili: stima ikikatika katika mstari huu wa msimbo, mtu atabaki na nini? Jibu linalokubalika ni moja tu, kwamba atabaki na faili yake nzima angalau mahali pamoja. Kwa hiyo utaratibu ni kunakili kwanza, kuilazimisha mashine iandike kweli kwenye diski badala ya kuiacha data kwenye kumbukumbu ya muda, kuilinganisha nakala na asili, na baada ya hapo ndipo asili ifutwe. Kulinganisha ukubwa wa faili ni bora kuliko kutolinganisha, lakini faili iliyoharibika yaweza kuwa na ukubwa ule ule. Hesabu ya SHA-256, ambayo huipitia kila baiti na kutoa namba inayobadilika hata baiti moja ikibadilika, ipo tayari katika Python na C# na haigharimu chochote ila sekunde chache.

Kuhifadhi juu ya faili iliyopo kuna hatari kubwa zaidi, kwa sababu haionekani. Programu nyingi za wanaojifunza huifungua faili kwa kuandika, na wakati ule ule wa kuifungua yaliyomo yote hufutwa ili mapya yaingie. Stima ikipotea kati ya hatua hizo mbili, daftari la madeni la duka linabaki na ukubwa wa sifuri. Dawa yake ni kuandika mapya kwenye faili ya muda iliyo folda ile ile, kuhakikisha imekamilika, kisha kuibadilisha kwa amri moja, os.replace katika Python au File.Replace katika C#. Ukikatizwa kabla ya amri hiyo unayo ya zamani, ukikatizwa baada yake unayo mpya. Sioni sababu ya kumfundisha mwanafunzi njia ile ya kwanza hata kwa siku moja.

Flashi ina masharti yake. Nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, na studio za video za Malindi zinalijua hilo kila harusi inapokuwa ndefu. Programu inapaswa kuuliza nafasi na mpangilio kabla ya kuanza, si kunakili hadi ifike ukutani. Mpangilio huo pia huandika saa ya faili kwa hatua za sekunde mbili mbili, kwa hiyo programu inayolinganisha nyakati ili ijue kipi kimebadilika itadhani kila kitu kimebadilika, na itanakili upya folda nzima kila siku. Herufi ya flashi nayo hubadilika: leo ni E, kesho mtu amechomeka nyingine mapema na yako imekuwa F. Msimbo ulioandika E kwa wino usiofutika utaipeleka kazi ya mteja mmoja kwenye flashi ya mwingine.

Kuna swali jingine linalofanana na hilo: faili imekamilika lini? Huko Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi, Waitalia walianza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco baharini mwaka 1967, na Desemba 12, 1970 kikaruka kutoka hapo chombo cha Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa kuzichunguza nyota kwa miale ya eksirei. Urushaji ulikoma 1988, lakini kituo cha nchi kavu kinaendelea kupokea data, ikiwamo ya chombo cha Swift kilichorushwa Novemba 2004. Setilaiti ya namna hiyo huonekana na kituo kwa dakika chache kila inapopita, humwaga ilichokusanya, kisha huzama upande wa pili wa upeo. Programu yoyote inayosubiri data ije kwenye folda, ya angani au ya skana ya saiba, hupata taarifa faili inapoanza kuundwa, wala si inapokamilika. Ikiikimbilia hapo hapo itasoma nusu ya kitambulisho. Njia iliyozoeleka ni kumwacha anayeandika aipe faili jina la muda na kulibadilisha akimaliza, na msomaji aguse zenye jina kamili pekee.

Mfuatano wa faili ni dhana nyingine ambayo imewaponza hata mabingwa. Mwaka 2014 wanakemia wa Marekani, Patrick Willoughby na Thomas Hoye wakiwa miongoni mwao, walichapisha programu ndogo za Python za kusaidia kutambua maumbo ya molekuli, na zikatumika katika makala nyingi za kisayansi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii waligundua kwamba programu hizo zikipewa faili zile zile hutoa majibu tofauti kwenye mashine tofauti: 173.2 kwenye Windows 10, 172.7 kwenye Ubuntu, 172.4 kwenye toleo moja la macOS. Hesabu haikuwa na kosa. Programu ilikuwa imeuomba mfumo endeshi orodha ya faili na kudhani italetwa imepangwa, ilhali mfumo haukuahidi mpangilio wowote. Mstari mmoja wa kupanga orodha ulitosha kuliondoa tatizo.

Kwenye saiba jambo hili huonekana katika kuunganisha kurasa zilizoskaniwa. Mkataba wa kuuza shamba wenye kurasa 12 huungwa kwa mpangilio wa herufi, na kwa herufi ukurasa wa 10, wa 11 na wa 12 huja kabla ya wa 2. Pwani hii karatasi za ardhi si za kuchezewa. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa mwambao kuthibitisha madai yao mmoja mmoja, familia nyingi za Kimijikenda zimeishi kwenye ardhi ambayo kwenye makaratasi ni ya wengine, na barua au risiti moja ya zamani ndiyo yote waliyonayo ya kuonyesha mbele ya afisa wa ardhi. Andika 02 badala ya 2, au ipange orodha kwa namba, na kurasa zitakaa zinavyostahili.

Kufuta ndiko kunakonitia hofu zaidi. Mtu akifuta kwa kipanya, Windows hupeleka faili kwenye pipa la taka na anaweza kuirudisha. Programu ikifuta kwa msimbo, pipa halipo, faili imekwenda. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza faili zipatazo milioni 34 zenye terabaiti 77 kutoka kwenye hifadhi ya kompyuta yake kuu. Kampuni ya Hewlett Packard ya Japani, iliyokuwa ikiitunza, ilikuwa na programu fupi ya kufuta kumbukumbu za mfumo zilizozidi siku 10. Iliboreshwa, na toleo jipya likawekwa juu ya lile la zamani wakati lile la zamani bado linaendelea kazi. Aina hiyo ya programu husomwa kidogo kidogo inapotekelezwa, kwa hiyo mashine iliendelea kusoma katikati ya maandishi mapya, ikakuta jina la folda ya kusafisha ni tupu, ikasafisha faili za watafiti. Oktoba 2018 ni mwaka mwingine, kampuni nyingine, lakini kosa la ukoo mmoja. Microsoft ililazimika kusimamisha toleo jipya la Windows 10 siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilifuta folda za zamani za watu waliokuwa wamehamishia Documents mahali pengine. Waliolitengeneza walidhani folda hizo za zamani ni tupu. Kulikuwa na faili ndani yake.

Hao ni watu wenye uwezo na walio na timu za kukagua. Kijana wetu wa Malindi, aliyeombwa afute faili zilizozidi siku 90, ana hatari moja zaidi. Mashine nyingi za saiba ni mitumba, betri ndogo ya saa iliyo ndani imekufa, na kila inapowashwa bila intaneti saa hurudi miaka nyuma. Kila kitakachoskaniwa asubuhi hiyo kitapigwa muhuri wa mwaka 2009. Mchana intaneti inarudi, saa inajirekebisha, na jioni programu inakuta vyeti vya leo vimetimiza miaka mingi. Itavifuta vyote, na itakuwa imefanya ilivyoagizwa. Ndiyo maana umri wa faili usipimwe kwa muhuri wa mashine peke yake, bali kwa daftari la huduma. Na programu ikiona inataka kufuta zaidi ya sehemu ndogo ya folda kwa mara moja, isimame imuulize mtu. Ikiona njia ya folda ni tupu, au inaishia kwenye mzizi wa diski, ikatae kabisa. Na kabla ya kufuta kwa kweli, izihamishe kwanza kwenye folda ya kungojea kwa mwezi mzima. Nafasi ya diski ni rahisi kuliko safari ya Bamba hadi Kilifi kwenda kuomba cheti upya.

Hata hivyo kutofuta nako si usalama. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data Novemba 2019, na Immaculate Kassait akawa Kamishna wa kwanza mwaka uliofuata. Kwa sheria hiyo mtu ana haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru, aliye na dhamana nayo anatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Folda iliyojaa vitambulisho vya mtaa, katika mashine ambayo kila mteja huikalia, ni hatari iliyo wazi kwa udanganyifu wa simu na mikopo. Hapo mwandishi wa programu anavutwa pande mbili: asipoteze nakala pekee ya mtu, na asibaki na nakala asiyotakiwa kuwa nayo. Kwa maoni yangu jibu ni kumkabidhi mwenyewe kwanza, kwa flashi au barua pepe yake, programu ithibitishe kwamba nakala hiyo inafunguka, kisha ya saiba iingie kwenye folda ya kungojea kufutwa. Afahamu pia kwamba kufuta kwa kawaida huondoa jina kwenye orodha tu. Yaliyomo yaweza kubaki kwenye diski mpaka yaandikwe juu, na mashine inapouzwa kwa mwingine huenda nayo.

Vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Pwani hapo Kilifi kikiwemo, vina nafasi nzuri ya kulifanya somo hili liwe na uzito wake, kwa sababu mazingira ya kulijaribia yako nje ya mlango. Mtihani ninaoupendekeza hauhitaji maabara. Mwanafunzi apewe folda yenye faili za Karisa Charo wawili, faili ya mtu mwenye jina lenye ng', kurasa 12 za mkataba, na video ya gigabaiti 5. Saa ya mashine irudishwe hadi 2009. Programu yake ianze kuhamisha kwenda kwenye flashi, na katikati ya kazi mwalimu auchomoe waya wa stima ukutani. Mashine ikiwashwa tena, mwanafunzi afungue daftari ambalo programu yake imekuwa ikiandika, kila mstari ukitaja faili ilitoka wapi, imekwenda wapi na kwa saa ngapi, na kwa kulisoma hilo peke yake airudishe kila faili mahali ilipokuwa.